Unauza nyumba uliyoishi na wapangaji: kodi zake hatua kwa hatua, kwa mtu wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Nyumba nyingi za Mbeya zinafanana kwa jambo moja. Mbele kuna nyumba kubwa anamokaa mwenye nyumba na familia yake, nyuma uani kuna safu ya vyumba vya wapangaji, na kama kiwanja kinatazama barabara, pembeni pana fremu moja au mbili za maduka. Iyunga na Block T wapangaji ni wanafunzi wa vyuo, Mwanjelwa na Kabwe ni wafanyabiashara, Uyole ni mchanganyiko wa kila aina ya watu. Kihesa kule Iringa hali ni hiyo hiyo.

Siku ya kuuza ikifika, kila mtu ana maoni kuhusu bei. Kuhusu kodi wengi hukaa kimya mpaka siku mnunuzi anapokwama ofisi ya ardhi kwa kukosa kibali cha TRA, Mamlaka ya Mapato. Hapo ndipo muuzaji anaanza kutafuta risiti za mabati ya mwaka 2012, na fedha ya mnunuzi imeshalipa ada za watoto.

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: mkazi wa Tanzania anayeuza nyumba aliyojenga au kununua mwenyewe, akaishi sehemu yake na kupangisha sehemu nyingine. Nyumba ya mirathi ina safari yake inayoanzia mahakamani, siigusi hapa. Asiye mkazi naye hutozwa kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa hiyo hesabu za hapa chini zisimdanganye.

Hatua ya 1: Jua ni kodi gani zako na zipi za mnunuzi

Yako kubwa ni kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida uliyopata kwa kuuza. Imewekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Mkazi analipa asilimia 10 ya faida. Narudia neno faida, kwa sababu vijiweni utasikia kwamba "TRA wanachukua asilimia 10 ya nyumba". Si kweli. Ukiuza kwa milioni 80 nyumba iliyokugharimu milioni 50, kodi inahesabiwa kwenye milioni 30.

Mnunuzi, kwa kawaida, anabeba ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za usajili wa hati. Mnaweza kukubaliana vingine, lakini yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Nimeona watu wakielewana kwa mdomo kwamba "kodi zote juu ya mnunuzi", kisha mnunuzi akadhani muuzaji anazungumzia stempu peke yake.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, haiwahusu wengi. Nyumba ya makazi ambayo watu wameshaikalia inauzwa bila VAT, na pango la makazi pia halina VAT. Kama una fremu na wewe umesajiliwa VAT kwa sababu ya biashara zako, sehemu ya fremu ina hesabu tofauti na hapo muone mhasibu kabla ya kutaja bei.

Halafu kuna ile asilimia 10 inayodaiwa kwenye baadhi ya mitaa mkiandikiana mbele ya mwenyekiti. Hiyo si kodi ya mapato na TRA hawataikata kwenye deni lako hata senti. Ukiambiwa uitoe, uliza risiti ya serikali.

Hatua ya 2: Igawe nyumba kwenye karatasi kabla hujagusa mkataba

Hapa ndipo penye fedha, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Sheria inaiacha nje ya kodi hii nyumba ya makazi binafsi ya mtu, kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja. Uwe umeimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi. Uwe umeishi humo, mfululizo au kwa vipindi, jumla ya miaka mitatu au zaidi. Na faida ya kuiuza isizidi shilingi 15,000,000.

Masharti mawili ya mwanzo mtu wa kawaida anayatimiza bila jasho. Hata kama ulihamishiwa Sumbawanga ukaipangisha yote kwa miaka minne, ile miaka uliyoishi kabla na baada inajumlishwa. Utakachohitaji ni ushahidi: barua ya serikali ya mtaa, bili za maji zenye jina lako, anwani iliyomo kwenye nyaraka zako za zamani.

Sharti la tatu ndilo linaloumiza. Kwa bei za sasa za Isyesye au Forest, faida ya milioni 15 inafikiwa haraka. Ukiichukua nyumba nzima pamoja na vyumba vya uani kama kitu kimoja, karibu kila mara utavuka. Kuna pia hoja ya pili: vyumba walivyokaa wapangaji miaka yote si makazi yako binafsi. Ofisa wa TRA akikuuliza "Mzee, humu nyuma ulikuwa unaishi nani?", jibu la kweli litavitoa nje ya msamaha.

Kwa hiyo igawe mwenyewe mapema. Mali zikiuzwa pamoja kwa bei moja, bei na gharama hugawanywa kwa uwiano wa thamani ya soko ya kila moja. Kazi hiyo ni ya mthamini aliyesajiliwa. Utakapomwita, usimwambie tu "nitafutie thamani ya nyumba". Mwambie aonyeshe kwenye ripoti thamani ya nyumba kubwa na ardhi yake peke yake, vyumba vya uani na ardhi yake peke yake, na fremu kama zipo. Akishaandika ripoti ya jumla na ikaidhinishwa upande wa Mthamini Mkuu wa Serikali, kurudi kuomba mgawanyo ni usumbufu.

Nyumba ya uani iliyotengana na nyumba kubwa inagawanyika kirahisi. Nyumba ya korido moja, vyumba vitatu vyako na vitatu vya wapangaji, choo kimoja, ni kesi ngumu. Unaweza kugawa kwa ukubwa wa vyumba, lakini uwe na mchoro, mikataba ya pango inayotaja vyumba, na uvumilivu wa kueleza. Ofisa ndiye atakayepima hoja yako. Mgawanyo ulioandikwa na mthamini una uzito ambao maneno yako matupu hayana.

Fremu usijaribu kuziingiza kwenye makazi. Hakuna anayelala kwenye duka la mahindi na vocha.

Hatua ya 3: Kusanya gharama, hata zile ndogo

Gharama za nyumba ni zaidi ya bei ya kiwanja. Zinaingia: kiwanja chenyewe na ushuru wa stempu uliolipa ulipokinunua, upimaji, kibali cha ujenzi, vifaa, ufundi, uzio, kisima, matengenezo makubwa na maboresho ya baadaye. Zinaingia pia gharama za kuuza: dalali, wakili, mthamini, tangazo.

Haiingii gharama ambayo ulishaitoa kwenye hesabu za mapato ya pango. Kama ulikuwa unapeleka hesabu TRA na ukapunguza mapato yako kwa ukarabati wa vyumba vya uani mwaka 2019, ukarabati huo hauhesabiwi mara ya pili. Riba ya benki nayo iangaliwe kwa jicho hilo hilo.

Waswahili walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujenzi wa huku kwetu unakwenda kwa awamu: msimu wa viazi ukiwa mzuri unapandisha kuta, mwaka unaofuata unaezeka, mingine mitatu inapita bila dari. Risiti zinatawanyika kama ulivyotawanyika ujenzi. Anzia hapa:

- Taarifa za benki na za simu. Malipo kwa fundi au duka la vifaa yanaonekana tarehe na kiasi.
- Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Karatasi yake inafifia ikakaa nyeupe, kwa hiyo zitoe kopi au zipige picha sasa hivi.
- Mikataba na mafundi, hata ile ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa na saini na shahidi.
- Kibali cha ujenzi na mchoro wake, vinaonyesha nini kilijengwa na lini.
- Hati ya mkopo wa nyumba au wa SACCOS iliyotaja ujenzi.

Matofali ya kuchoma na mchanga wa mtoni mara nyingi vilinunuliwa bila risiti. Usibuni. Tafuta yule uliyemlipa aandike hati ya kukiri malipo, ikiwezekana mbele ya wakili, na uiambatanishe na ushahidi wa fedha kutoka. Ofisa anaweza kuikubali au kuikataa, lakini anapokuta nyaraka thelathini zinazoungana vizuri, ile moja dhaifu haionekani sana.

Tenga gharama kwa majengo tangu mwanzo. Bahasha moja ya nyumba kubwa, moja ya uani, moja ya vitu vya wote kama kiwanja, uzio na mthamini. Hizi za wote ndizo zinagawanywa kwa uwiano.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kutaja bei

Tuchukue nyumba ya kufikirika pale Isyesye. Kiwanja kilinunuliwa milioni 6. Nyumba kubwa ilijengwa kwa milioni 30, vyumba vinne vya uani kwa milioni 13. Inauzwa milioni 80. Dalali, wakili na mthamini kwa pamoja wamekula milioni 2.4. Mthamini ameandika kwamba katika hiyo milioni 80, nyumba kubwa na eneo lake ni milioni 50 na uani ni milioni 30. Uwiano ni tano kwa tatu.

Bila kugawa: gharama zote ni 51,400,000. Faida ni 28,600,000. Kodi ni 2,860,000.

Kwa kugawa:

- Nyumba kubwa: bei 50,000,000. Gharama ni ujenzi 30,000,000, sehemu ya kiwanja 3,750,000 na sehemu ya gharama za kuuza 1,500,000, jumla 35,250,000. Faida 14,750,000. Haijazidi milioni 15, na mwenye nyumba ameishi humo zaidi ya miaka mitatu. Inatoka nje ya kodi.
- Uani: bei 30,000,000. Gharama ni 13,000,000, 2,250,000 na 900,000, jumla 16,150,000. Faida 13,850,000. Kodi 1,385,000.

Tofauti ya njia hizo mbili ni shilingi 1,475,000, kwa nyumba ile ile na bei ile ile.

Sasa angalia kitu kinachowashangaza watu. Ile milioni 15 ni ukuta. Ukiuvuka hata kwa shilingi moja, haitozwi ziada peke yake. Faida yote ya nyumba kubwa inaingia kwenye kodi. Tuseme dalali amekazana, bei imepanda hadi milioni 81, uwiano na gharama vikabaki vile vile. Sehemu ya nyumba kubwa inakuwa 50,625,000, faida yake 15,375,000, na msamaha umekufa. Kodi ya nyumba nzima sasa ni 2,960,000. Umeongeza milioni moja kwenye bei, kodi imeongezeka 1,575,000. Mwenye nyumba amebaki na 575,000 pungufu kuliko angeuza milioni 80, na dalali bado anasubiri kushukuriwa.

Ndiyo maana hesabu hii inafanywa kabla ya majadiliano ya bei. Ukiwa karibu na ukuta, ama uza chini yake kidogo, ama juu yake kwa mbali. Na kabla hujashusha bei, pekua tena bahasha ya nyumba kubwa. Risiti ya dari au ya tangi la maji inaweza kukurudisha ndani bila kumpa mnunuzi punguzo lolote.

Hatua ya 5: Kama huna kumbukumbu za gharama

Tangu mwaka 2023 sheria ina njia ya mkazi asiye na kumbukumbu za gharama ya ardhi au jengo lake. Analipa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo. Kabla ya hapo, mzee aliyejenga miaka ya 1980 bila hata karatasi alikuwa anabishana na ofisi kuhusu gharama ambazo hakuna aliyeweza kuzithibitisha.

Kwa nyumba yetu ya Isyesye, asilimia 3 ya milioni 80 ni 2,400,000. Linganisha na 2,860,000 ya hesabu isiyogawanywa na 1,385,000 ya iliyogawanywa. Kanuni ya haraka: asilimia 3 ya bei inalingana na asilimia 10 ya faida pale faida inapokuwa asilimia 30 ya bei. Faida ikiwa ndogo kuliko hapo, risiti zinakulipa. Ikiwa kubwa zaidi, wasio na risiti wametoka na nafuu.

Najua wazo linalokuja kichwani baada ya kusoma hivyo. Lakini njia hii imewekwa kwa asiye na kumbukumbu. Mtu ambaye kibali chake cha ujenzi, mkopo wake na ritani zake za pango, yaani taarifa za mapato alizopeleka TRA, zote zinataja gharama, akija kusema hana kitu, anajitafutia swali ambalo jibu lake liko kwenye faili la ofisi hiyo hiyo. Mwenye nazo aziwasilishe, apigane kwenye mgawanyo.

Hatua ya 6: Safisha kodi ya pango kwanza

Ripoti ya mthamini itasema wazi: vyumba vinne vya kupangisha. Ofisa akiiona, swali linalofuata ni la pango.

Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10 kwa mwenye nyumba mkazi. Mpangaji anaikata kwenye malipo na kuipeleka TRA, lakini ni kodi ya mwenye nyumba, kwa sababu mapato ni yake. Mwaka 2022, sheria ilipopanuliwa kugusa hata wapangaji wa kawaida, wapangaji wengi walidhani wameongezewa kodi. Hawakuongezewa; walipewa kazi ya kukusanya. Wa fremu wakikata wanapaswa kukupa uthibitisho. Uombe na uutunze, la sivyo unaweza kudaiwa fedha iliyokwisha kulipwa kwa jina lako.

Vyumba vinne kwa 40,000 kwa mwezi ni 1,920,000 kwa mwaka, kodi yake 192,000. Peke yake si kubwa. Miaka mitano isiyolipwa, pamoja na riba na adhabu, inakuwa mzigo unaojitokeza wiki ile ile mnunuzi anapotaka funguo. Nenda mwenyewe kabla ya mauzo, ueleze, uombe kulipa kwa awamu kama huwezi mara moja. Mtu aliyejipeleka husikilizwa tofauti na aliyekutwa. Mikataba ya pango nayo ina ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, wengi hawaujui.

Kodi ya majengo ni rahisi zaidi, kwa sababu tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kiwango kilichopangwa mwaka 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu kwa ghorofa za mijini. Tatizo la nyumba zetu ni mita nyingi. Kama kila mpangaji ana mita yake, hakikisha jengo moja halikatwi mara nne. Kama linakatwa hivyo, omba marekebisho ukiwa na namba za mita. Na kama mita aliyokuwa anatumia mpangaji ndiyo ilikuwa inakatwa, ulimlipa? Ni deni dogo, lakini mpangaji aliyenuna ndiye atakayemfungulia mlango mnunuzi anayekuja kukagua.

Pango la ardhi la serikali ni jambo jingine na linalipwa Wizara ya Ardhi. Lisipokuwa safi, uhamisho hauendi.

Hatua ya 7: Malizana na wapangaji kwa maandishi

Wapangaji hawafutwi na mauzo. Mnunuzi anapokea nyumba pamoja na mikataba iliyomo, mpaka muda wake uishe au mkubaliane vingine.

Pango la miezi sita lililolipwa mbele linaleta utata. Tuseme umechukua fedha za Julai hadi Desemba, unakabidhi nyumba mwishoni mwa Septemba. Miezi mitatu ya mwisho ni ya mnunuzi. Watu wengi wanaikata kwenye bei: "tuandike milioni 79 na nusu". Usifanye hivyo. Andikeni bei kamili milioni 80, halafu kipengele tofauti kwamba muuzaji anamrejeshea mnunuzi pango la miezi mitatu kiasi kadhaa. Bei ya nyumba na pango la nyumba ni mapato ya aina mbili, yakichanganywa hesabu zako na zake zote zinachafuka. Fanyeni vivyo hivyo kwa fedha ya dhamana ya mpangaji, kama ulichukua.

Hatua ya 8: Andika bei ya kweli

Mtu atakushauri muandike mikataba miwili, mmoja wa bei halisi na mwingine wa TRA. Acha maadili kando kwa dakika moja, tuangalie hesabu. TRA hawafungwi na bei mliyoandika. Wanatazama thamani iliyoidhinishwa pia. Mkiandika milioni 40 kwa nyumba ambayo mthamini ameipa 78, mmejiongezea maelezo tu.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi. Bei mnayoandika leo ndiyo gharama yake siku atakapouza. Akiandikiwa milioni 40, baada ya miaka saba akiuza 110 ataonekana amepata faida ya 70 wakati faida yake ni 30, na kodi ya ile tofauti ya milioni 40 ni milioni 4 za mfukoni mwake. Mnunuzi anayejua hili atakataa mkataba wa pili, na yuko sahihi.

Hatua ya 9: Mpangilio wa safari yenyewe

1. Wewe na mnunuzi muwe na TIN na vitambulisho vya NIDA. Kama umeoa au umeolewa na hii ni nyumba ya familia, ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zote zinaidai. Bila hiyo hakuna mauzo, hata kama hati ina jina lako peke yako.

2. Mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Malipo yapite benki. Weka sharti kwamba sehemu ya fedha inabaki mpaka kodi ya muuzaji ilipwe. Linamlinda mnunuzi, na linakulinda wewe dhidi ya kuila fedha ya kodi.

3. Ripoti ya uthamini yenye mgawanyo, iidhinishwe.

4. Ofisi ya ardhi: fomu namba 29 ya taarifa ya uhamisho na namba 30 ya kuomba kibali. Ambatanisha hati na risiti za pango la ardhi.

5. TRA. Peleka mkataba, ripoti ya mthamini, kopi ya hati, bahasha zako za gharama, na ukurasa mmoja wa hesabu uliopangwa kama ule wa Isyesye. Usiwaachie ofisa na mnunuzi kazi ya kuhesabu. Salimia, kaa, eleza mgawanyo kwanza ndipo uonyeshe nyaraka. Ukikubaliana nao utapewa namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu. Msipokubaliana, omba makadirio kwa maandishi. Sheria inakupa haki ya kupinga makadirio ndani ya muda maalumu, lakini huwezi kupinga maneno ya mdomo.

6. Baada ya malipo TRA inatoa cheti kwamba kodi imelipwa, au kwamba hakuna kodi inayodaiwa. Cheti hicho kinahitajika hata kama nyumba yako yote imo ndani ya msamaha. Msajili wa Hati haruhusiwi kusajili uhamisho bila kukiona. Kodi yenyewe inatakiwa ilipwe kabla umiliki haujahama.

7. Mnunuzi analipa ushuru wa stempu, fomu namba 35 ya uhamisho inasajiliwa, hati inatoka kwa jina lake.

Kama eneo halijapimwa na mmeandikiana mtaani bila hati, hakuna Msajili wa kuwazuia, lakini faida bado inatozwa kodi. Haki juu ya ardhi ni haki hata isipokuwa na hati. Mnunuzi atakapokwenda kurasimisha, faili litafunguliwa na jina lako litatajwa.

Wa Tukuyu na Njombe wanaouza nyumba pamoja na shamba la pembeni, litengeni shamba kwenye mkataba na kwenye uthamini. Shamba lenye thamani ya soko chini ya shilingi 10,000,000, lililolimwa angalau miaka miwili kati ya mitatu ya mwisho, haliingii kwenye kodi hii. Likiunganishwa na nyumba kwa bei moja, mnaweza kupoteza msamaha bure.

Hatua ya 10: Baada ya kukabidhi funguo

Toa jina lako kwenye mita za LUKU na kwenye akaunti ya maji. Waandikie wapangaji barua fupi kwamba kuanzia tarehe fulani pango linakwenda kwa mwenye nyumba mpya, na peleka kopi serikali ya mtaa.

Ile asilimia 10 uliyolipa wakati wa kuuza inahesabika kama malipo ya awali ya kodi yako ya mwaka huo. Kama una biashara au mapato mengine yanayokulazimu kupeleka ritani, mauzo ya nyumba yaingie humo, na kodi uliyolipa ipunguzwe kwenye deni lako. Kwa anayefunga mwaka wake Desemba, mwisho wa kupeleka ni tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Pango la miezi uliyokaa na nyumba kabla ya kuuza nalo muulize mhasibu kama linaingia kwenye ritani hiyo hiyo.

Viwango vyote vya hapo juu vinaweza kuguswa na Sheria ya Fedha, inayoanza kutumika Julai mosi kila mwaka. Ukiwa unajadiliana bei mwezi Mei au Juni, sikiliza hotuba ya bajeti kabla ya kupanga tarehe ya kuhamisha hati.

Nyaraka zako sheria inataka uzitunze miaka mitano. Mnunuzi mpe kopi ya mkataba, ripoti ya mthamini yenye mgawanyo, na mchoro wa jengo. Yeye naye amenunua nyumba yenye wapangaji wanne uani.